Maziwa ya Saa Nne

Pale yadini hatukuwa na kengele ya mapumziko. Kilichotuita saa nne ni mlio wa kreti ya plastiki ikiburutwa juu ya saruji, na ndani ya kreti maziwa ya pakiti. Mtu angeweza kujifanya kiziwi kwa matusi ya supavaiza tangu saa moja asubuhi, lakini mlio huo aliusikia hata akiwa ndani ya choo. Tuliacha minyororo, tuliacha nyundo, tukapanga foleni, na kila mmoja akapewa pakiti yake. Wa ofisini hawakupewa. Wa mashine ya kubambua maganda hawakupewa. Maziwa yalikuwa yetu sisi wa dawa, na tuliyanywa kwa maringo, tukiwatazama wenzetu waliokuwa wanakunywa chai ya rangi.

Yadi ilikuwa nje ya Eldoret, upande wa kwenda Soy, na kazi yake ilikuwa nguzo za umeme. Mikaratusi, ile sisi tunaiita blugamu, ililetwa kwa trela ikiwa mibichi. Ilibambuliwa, ikaanikwa, kisha ikasukumwa kwa toroli ndani ya silinda, tangi la chuma lililolazwa chini, refu kuliko safu nzima ya vyumba vya kupanga kwenye ploti yetu. Mlango ulifungwa kwa boliti, dawa ikaingizwa kwa nguvu ya mashine mpaka ikazama ndani ya mti. Nguzo zilipotoka zilikuwa za kijani na zilichuruzika. Hapo ndipo tuliingia sisi. Tulizivuta kwa minyororo, tukazipanga, na mimi nikazigongelea kibati cha namba kwenye kitako. Dawa hiyo huua mchwa na hufanya nguzo isimame ardhini miaka na mikaka bila kuoza. Kitu ambacho mchwa wa Uasin Gishu hathubutu kukiuma, sisi tulikishika kwa mikono.

Tulikuwa na imani yetu lakini. Maziwa yanaosha kifua. Waulize wachomeaji vyuma wa mjini, waulize wanaopulizia magari rangi, waulize wanaonyunyizia ngano dawa, wote watakuambia hivyo. Hata kwetu Vihiga, nikiwa mdogo, mtu akimeza kitu kibaya aliyekimbiliwa wa kwanza alikuwa ng'ombe. Kampuni iliikuta imani hiyo hapa hapa, ikaona ni rahisi kuliko barakoa za maana, ikaikumbatia. Kwa hiyo kila siku tulishika sumu tangu asubuhi, saa nne tukaioshea tumboni, tukarudi kuishika tena. Hakuna aliyeuliza imefikaje tumboni.

Nilifika pale kwa sababu ya mguu wa mume wangu. Alikuwa fundi wa mawe, tena fundi mzuri, mpaka siku mbao za jukwaa zilipomwachia akaanguka kutoka ghorofani. Mguu ulivunjika mahali pabaya. Tulikuwa na chumba kimoja mtaani Langas, na ndani ya chumba hicho yeye alikaa kutwa, mguu wenye plasta juu ya stuli, akisikiliza redio na kuniomba msamaha. Nilimwambia aache kuniomba msamaha kwa kuwa hakujisukuma mwenyewe. Hakuacha. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliobaki wa kuleta kitu nyumbani ulikuwa wangu tu, nikaupeleka yadini.

Tulikuwa vibarua. Asubuhi tulisimama getini na supavaiza akapita akituangalia mmoja mmoja, akionyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Pale watu hawafukuzwi kazi. Hawaonwi tu. Unaweza kuja wiki nzima ukasimama mbele yake na macho yake yakakupita, na hakuna neno alilosema ambalo unaweza kumlalamikia mtu. Alikuwa mwanamume mpole wa kuvaa sweta, si mkorofi sana nje ya yale matusi yake ya asubuhi, na upole huo ulinikasirisha kuliko matusi.

Miezi michache baada ya kuanza, nikajua nina mimba.

Niseme wazi ilikuwa na maana gani. Mimba yangu ya kwanza iliharibika kabla hatujahamia Eldoret, na baada ya hapo nilikaa muda mrefu mpaka mama mkwe akaanza kuniuliza habari za afya yangu kwa sauti ya kunihurumia. Hii ya pili niliitaka hata nikaogopa kuifurahia. Nilimwambia mume wangu jioni, akalia, kisha akatazama mikono yangu. Kucha zangu zilikuwa na ukingo wa kijani ambao sabuni haikuuweza. Kisha tukala.

Sasa, kampuni ilikuwa na sheria. Ilibandikwa ukutani karibu na choo: mwanamke mjamzito asifanye kazi kwenye dawa. Sheria nzuri kabisa, na aliyeitunga Mungu ambariki. Lakini kabla yangu kulikuwa na mwanamke mwingine wa kugonga vibati, naye aliisoma sheria hiyo, akaiamini, akaenda kumwambia supavaiza ukweli. Supavaiza alimpongeza. Alimpa mkono, akamwambia ajitunze. Kesho yake pale getini macho yakampita. Alikuja siku kadhaa, akisimama karibu zaidi kila siku, halafu akaacha kuja, na nafasi yake nikaichukua mimi.

Kwa hiyo sheria iliyowekwa kumlinda mtoto ndiyo iliyonifunga mdomo. Nikisema, tutalala njaa, na mtoto aliye tumboni hula anachokula mama yake. Nisiposema, nitamvutia nguzo zinazochuruzika mpaka siku ya kuzaa. Niliigeuza upande huu na upande ule, usiku na mchana, na kila nilipogeuza nikakuta ukuta. Sijawahi kuwekwa jela, lakini najua mtu anavyozoea kuhesabu kuta.

Nikanunua ovaroli ya mwanamume, kubwa, mitumba ya soko la mjini. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wangeongeza na mimba, ila labda hawakuwahi kuona ovaroli ya saizi ile.

Ovaroli yenyewe ilikuwa tatizo lingine. Tulirudi nazo nyumbani, kwa kuwa yadini hapakuwa na mahali pa kuziacha wala pa kuzifulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa haikuwa methali. Maji ya kufulia yaligeuka kijani katika beseni lile lile nililotarajia siku moja kumwogeshea mtoto. Mume wangu, kwa kuwa alitaka kusaidia na mikono yake ilikuwa mizima, alianza kunifulia akiwa ameketi, na mimi nikamgombeza hadi majirani wakanyamaza kusikiliza. Aliniuliza kosa lake ni nini. Nilinunua beseni la pili, nikaliweka nje nyuma ya choo, na nikakataza mtu yeyote kuligusa.

Jumamosi moja nilienda kliniki. Nesi alinipima, akasikiliza, akafurahi, halafu akashika vidole vyangu.

"Unafanya kazi ya kupaka rangi?"

"Ya nguzo za stima."

Aliweka kalamu chini. "Ile ya kuweka dawa? Mama, hapo si pa kukaa na hali hii yako."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tunapewa maziwa kila siku. Nilisema kwa kujiamini, nikitarajia anisifu.

Hakunicheka. Ningependa angenicheka. Alisema polepole, "Maziwa ni chakula mzuri, wewe kunywa tu. Lakini hiyo dawa haiingii kwa mdomo peke yake. Inaingia kwa ngozi, inaingia kwa pua. Sasa maziwa itaifuata wapi?"

Aliniambia niombe wanihamishe kazi nyingine, nami nikamjibu nitaomba, kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kutoka kliniki. Nilitembea mpaka stejini pa matatu nikiwa na hasira naye. Alikuwa amenipokonya kitu kimoja nilichokuwa nacho. Mpaka asubuhi ile nilikuwa nimefungiwa ndani ya chumba chenye dirisha moja, na yeye, kwa nia njema, alikuwa amelifunga.

Msidhani vifaa havikuwapo. Vilikuwapo stoo, kwenye rafu, vikiwa safi kuliko vyombo vya harusi. Siku moja tulifika tukakuta supavaiza anagawa glavu ndefu za mpira, barakoa zenye vichujio, aproni, miwani. Tuliangaliana. Mwenzangu wa kuvuta minyororo, mwanamume mkubwa wa kutoka Bungoma ambaye ndiye aliyefungua mlango wa silinda, alivaa vyote, akasimama akauliza kama tunakwenda vitani. Kabla ya chakula cha mchana wakaja wakaguzi, wakatembea, wakatuangalia, wakaonekana kuridhika. Nilifanya kazi nzima ya asubuhi ile bila tone kunigusa mkono, na nilijua jinsi kazi ile ingeweza kuwa. Haikuhitaji muujiza. Ilihitaji glavu zinazofika kiwikoni, maji na sabuni, mahali pa kuacha nguo, na nguzo kuachwa zichuruzike zikauke kabla ya mtu kuzishika. Gari la wakaguzi lilipovuka geti, mtu wa stoo akapita na gunia akikusanya. Nilimwomba aniachie glavu tu. Akaniambia zitaharibika.

Yule mwanamume wa Bungoma alinisikia nikiomba. Nadhani ndipo alipojua, au alikuwa anajua tayari na akapata uhakika. Kesho yake saa nne, tulipokaa juu ya magogo, aliweka pakiti yake ya maziwa mapajani mwangu.

"Dadangu, hii ni ya huyo mwingine," akasema, akaondoka kabla sijafungua mdomo.

Nilitazama kama kuna aliyesikia. Wote walikuwa wanatazama pembeni kwa juhudi kubwa, jinsi watu wanavyotazama pembeni wakiwa wamekubaliana. Siku iliyofuata mwingine aliniachia yake. Kisha mwingine. Walipanga zamu bila kuniambia, na hakuna aliyepeleka neno kwa supavaiza. Watu waliokuwa wanavuta hewa ile ile, wanaoamini kwamba pakiti hiyo ndiyo kinga yao pekee, waliivua wakanivika mimi.

Nami nilijua haisaidii.

Mtu afanye nini hapo? Ningewaambia alichosema nesi, ningewatupia maziwa yao usoni, na zaidi ya hapo ningewafungia na wao dirisha. Ningekataa, wangeona najidai. Kwa hiyo nilikunywa. Nilikunywa yangu na ya mwenzangu, mbele yao, huku wakinitazama kwa macho ya watu waliofanya jambo jema, na kila funda lilishuka kwa shida. Usiku nilimweleza mume wangu, akasema hao ni watu wazuri. Nikamwambia najua, na uzuri wao umenikalia kifuani. Ningekuwa na maadui pale yadini ningeondoka kwa kiburi hata kama ni kwenda kulala njaa. Lakini unamtorokaje mtu anayejinyima cha kwake ili akupe?

Sasa niwaambie kuhusu mama wa kitaluni.

Nyuma ya yadi, ng'ambo ya ua wa kayaba, ule mti wa miiba, kampuni ilikuwa na kitalu cha miche ya blugamu. Kazi ya pale ilikuwa safi: kujaza udongo kwenye vifuko vya plastiki, kupandikiza, kumwagilia. Ilikuwa na mtu mmoja tu wa kudumu, mwanamke mzima wa huko Soy, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Watoto wake walikuwa wakubwa na wenye familia zao. Kwa kuwa hakushika dawa, hakupewa maziwa, wala hakuyataka. Alikuja kukaa nasi saa nne na mursik yake, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, ndani ya chupa iliyokuwa ya juisi. Tulipomtania kwamba Mkalenjin gani anabeba mursik kwa plastiki, alijibu kwamba kibuyu ni cha wageni na sisi ni vibarua.

Pakiti zetu alizidharau kabisa. "Hiyo si maziwa," alisema. "Hiyo ni maji ilipita karibu na ng'ombe."

Tulicheka kila alipolirudia, na alilirudia mara nyingi. Lakini tangu nianze kupewa pakiti mbili nilimwona hacheki tena. Alikaa akanitazama nikinywa, chupa yake mkononi, na mimi nikageuza uso kwa sababu macho yake hayakuwa kama ya wale wengine.

Tumbo lilianza kuishinda ovaroli. Asubuhi moja ya baridi, ile baridi ya Eldoret inayoingia kwenye mifupa na kukaa, tulikuwa getini tukisubiri kidole. Nilikuwa nimejikunja, nimekumbatia mfuko wa chakula tumboni. Mama wa kitaluni, ambaye kwa kawaida aliingia moja kwa moja bila kusimama na vibarua, alikuja akasimama mbele ya supavaiza.

"Mgongo yangu imekataa kuinama," akamwambia. "Hiyo kazi ya miche ni ya kuinama kutwa. Nipee ya kusimama."

"Mama, ya kusimama iko upande wa dawa."

"Kwani hiyo dawa inakula wazee? Si mnapeana maziwa?"

Supavaiza akacheka. Watu wote wakacheka. "Na kitaluni nitaweka nani?"

"Weka huyu." Alinionyesha kwa kidevu, hata hakuniangalia. "Huyu ni mkulima, watu wao wanajua kupanda. Kwa nguzo anachelewesha watu."

Supavaiza alinikazia macho kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nami nikaubana mfuko wa chakula tumboni. Lakini alitazama uso tu. Kwake ilikuwa mtu mmoja hapa na mtu mmoja pale, hesabu ilikuwa sawa. Alionyesha kidole, akapita.

Tulibadilishana viatu kando ya ua. Mimi nilikuwa na gambuti za mpira, yeye raba za kitambaa. Aliinama kuvaa, aliinama vizuri kabisa, mgongo huo uliokataa, na akiwa chini akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mimi nimemaliza kuzaa. Enda."

Nilitaka kusema kitu. Nilijua neno moja la kwao la kushukuru, nikalitoa: "Kongoi." Akanisukuma bega niende, kama anavyosukumwa ndama aliyekwama mlangoni.

Ndiyo, nilikwenda. Mngefanya nini nyinyi?

Kitaluni palinukia udongo uliolowa. Nyuma ya ua ule nililiachia tumbo langu lionekane, nikawa nalishika nikitaka. Wiki ya kwanza nililala usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Lakini ua wa kayaba haukuwa mzito kila mahali. Palikuwa na pengo karibu na pipa la maji, na kila nilipochota niliona upande wa pili. Nilimwona akivuta mnyororo kwa gambuti zangu. Nilimwona akifuta mikono kwenye sketi. Na saa nne, mlio wa kreti ulipokuja, nilimwona akisimama kwenye foleni, akipokea pakiti, akikaa pale pale nilipokuwa nakaa.

Alikunywa. Mwanamke aliyeyaita maji yaliyopita karibu na ng'ombe aliyanywa bila kukunja uso, akageuza pakiti juu chini, akaitikisa tone la mwisho likatoka, akasema neno na watu wakacheka. Kila siku nilimtazama, na kila siku nilijiambia: angalau anayaamini. Angalau yeye ana dirisha lake. Wazo hilo ndilo lililonifanya nibaki upande ule wa ua. Nilikuwa nimetoka kwenye chumba kimoja nikaingia kingine chenye hewa nzuri, na ufunguo wa chumba hicho ulikuwa mwili wa mtu mwingine.

Mtoto alizaliwa msichana, mzima, mwenye mapafu ya kuamsha ploti yote. Wale wa yadini walimtumia nguo za kuzaliwa, na yule wa Bungoma alituma salamu kwamba maziwa yamefanya kazi. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Mguu wa mume wangu ulikuwa umepona nusu, akapata kazi ya kusimamia mafundi, na sikurudi tena yadini. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwomba mama yule, zaidi ya mara moja, arudi kwenye miche yake sasa kwa kuwa mimi naondoka. Lakini kitaluni waliweka jamaa wa mtu fulani, na wa dawa akabaki wa dawa. Alikaa huko mpaka kampuni ilipopunguza watu.

Leo binti yangu anasoma shule ya msingi, nami nina kibanda cha mboga Langas. Jumamosi tunapanda gari kwenda Soy kumwona mama yule.

Mikono yake imeharibika. Viganja vimeota vinundu vigumu, vidogo, na vidole vinapasuka hata bila kushika kitu. Daktari alikata kinundu kimoja akapeleka kupimwa, akamwuliza alikuwa anafanya kazi gani, akaandika. Hakuapa kwamba ni dawa ile, hakuapa kwamba si dawa ile. Anatibiwa, anaendelea. Lakini hawezi kukamua. Mwanamke wa huko, ambaye boma lake halijawahi kukosa maziwa tangu aolewe, aliuza ng'ombe wake kwa sababu vidole havifungi kwenye chuchu. Boma limebaki na harufu tu. Kwa hiyo mimi, Mmaragoli wa Langas, ndiye ninayempelekea maziwa, tena ya pakiti, maana ndiyo yanayofika Soy bila kuharibika.

Jumamosi iliyopita binti alikuwa nje anachezea kuku. Nilikuwa nimemimina maziwa kikombeni, nikakaa. Nadhani nilichoka kubeba. Nikamwambia, "Mama, kuna kitu sikuwahi kukwambia. Yale maziwa ya yadini, nesi aliniambia hayasaidii. Nilijua kabla hatujabadilishana kazi. Nilikuacha ukaenda huko na mimi najua."

Akaanza kucheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, nikamngoja.

"Mzee wangu, baba ya watoto, alinyunyizia ngano dawa maisha yake yote," akasema. "Na kila akimaliza alikunywa maziwa. Si hiyo maji ya pakiti. Ya ng'ombe yake, moto, kutoka kwa kiwele. Nimemzika akikohoa. Wewe ndiyo unataka kuniambia habari ya maziwa?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Na nilikuona unavyokunywa. Nikasema, huyu pia anajua."

"Sasa mbona ulikuwa unakunywa vile? Mpaka unatikisa pakiti?"

Alinyoosha vidole vyake vibovu, akavitazama, akavikunja vilipofikia.

"Si ulikuwa unaniangalia kwa hiyo shimo ya ua," akasema. "Ningekunywa vibaya, ungerudi."

Nje binti yangu alipiga kelele, jogoo amemfukuza. Aliingia mbio, akacheka, akaona kikombe kimekaa bila kuguswa. Huwa anajua la kufanya, hakuna aliyemfundisha. Alikishika kwa mikono miwili, akamwinulia bibi yake mdomoni, naye akanywa mpaka tone la mwisho, mimi nikimwangalia.